Gitaa Lililopakwa Kiwi

Mshikaji wangu wa Masasi alinunua gitaa la umeme, nakala ya Stratocaster, jipya linang'aa. Baada ya wiki mbili likawa zee. Alilipiga msasa, shingo akaipaka chai ya rangi, vyuma akavilaza kwenye siki. Kisha akanifuata: "Wewe si mwandishi? Niandikie historia yake, ukurasa mmoja tu." Iseme lilipigwa kwenye madansi ya Masasi msimu wa korosho, miaka ya 1970. Mteja yuko Dar, mshiko tutagawana.

Sikushtuka. Mimi mtoto wa Newala, mjomba wangu alikuwa mchongaji. Nimekua nikijua kwamba mpingo ni mweusi kuanzia moyo wa mti, na kwamba wapo wanaochonga mti mweupe, wakaupaka kiwi ya viatu, mtalii akaondoka anachekelea. Mjomba hakusifia kinyago chochote kabla hajakikwangua chini kwa ukucha.

Sasa, kutoa upya kitu cha zamani ni dhambi? Hapana bwana. Stratocaster ilitoka 1954. Mwaka 1982 Fender wenyewe walianza kutoa upya zile za 1957 na 1962, pamoja na Telecaster ya 1952, maana wapigaji walikuwa wanakimbilia magitaa ya zamani. Yalistahili. Mgongo wa Stratocaster umechongwa upokee mbavu za mtu. Hata mjomba angeuheshimu. Miaka ya 1990 wakaanza kuuza hata yenye mikwaruzo ya kiwandani. Mimi naona ushamba kidogo, lakini si wizi: mnunuzi anajua kwamba gitaa ni jipya.

Ila mikwaruzo ya magitaa ya bendi zetu ni ya watu. NUTA Jazz ilianzishwa 1964 chini ya chama cha wafanyakazi, na vyombo vilikuwa mali ya mwajiri. Mpigaji akihama anaacha gitaa, anaondoka na vidole vyake. Kilichobaki nyuma ni pale kiwiko kilipokula rangi. Hapo ndipo nilipoombwa kupauza.

Utasema waandishi tunadanganya kila siku. Kweli, lakini msomaji wa hadithi amelipia hadithi.

Na bado niliiandika. Nisifiche: ilitoka nzuri kuliko chochote nilichowahi kuleta kwenye kurasa hizi. Mpigaji wangu nilimpa mkono wa kushoto, mke Nachingwea na deni la pombe. Nilipokwama kwenye jina, nikaweka la marehemu mjomba.

Nikapanda basi la Newala, karatasi ikiwa mfukoni. Mshikaji akapiga simu: mteja anakuja Ijumaa. Nikamwambia nitampa, ila juu kabisa liandikwe neno "hadithi", na jina la mjomba litoke.

Akakata simu. Nasikia gitaa amelipaka chai tena.