Umeungama kwa Padre, je, Nyumbani?



Kuna ubaridi wa roho ambao hutushika hasa sisi tusiokosa Misa. Mlevi anajua kwamba ni mlevi. Lakini mwenye kadi ya zaka iliyojaa, tena kiongozi wa Jumuiya, nani atamwambia atubu?

Mimi nilikuwa mmoja wao. Mwaka fulani nilichukua fedha za chama za mke wangu, zamu yake ilipofika, nikazimaliza katika mchezo wa karata. Nikamwambia nimeibiwa ndani ya matatu. Kwaresima nikaungama, padre akaniondolea dhambi, nikasali malipizi, nikaendelea kufundisha watoto katekisimu. Roho ikatulia kabisa. Lakini kila nilipokwenda mjini, mke wangu alinifunga mfuko kwa pini ili wezi wasinipate tena. Alifanya hivyo miaka miwili, nami nilisimama kama mtoto anayevalishwa, nimenyamaza.

Je, nilikuwa nimetubu? Wengine watasema, Mungu akisamehe yamekwisha. Ni kweli, dhambi iliyoondolewa imeondolewa. Hata hivyo Katekisimu ya Kanisa Katoliki ya mwaka 1992, namba 1459, inafundisha kwamba maondoleo hayatengenezi madhara yote yaliyoletwa na dhambi. Mkosaji ana wajibu wa kurekebisha kadiri awezavyo, kama vile kurudisha alichoiba. Zakayo alimpokea Yesu nyumbani kwake, na papo hapo akawakumbuka aliowadhulumu.

Sisi wenye ndoa twapenda njia ya mkato. Padre hatatutazama usoni wakati wa chakula cha jioni. Mke au mume atatutazama. (Na tuseme ukweli, wengi wetu kule kiungamoni huungama dhambi za mwenzetu!) Sisemi kila jambo litamkwe usiku mmoja. Yako mazito yanayohitaji kwanza shauri la padre. Lakini shauri la kweli si kisingizio cha kuahirisha hadi Kwaresima nyingine.

Nilimwambia jioni moja, watoto wakiwa wamelala. Alikaa kimya muda mrefu, kisha akauliza kama kuna chochote kilichobaki. Hakikubaki kitu. Nilimlipa kidogo kidogo, kwa mavuno mawili. Asubuhi ile nilipotoka kwenda mjini, hakuleta pini.