Ufa wa Nyumba ya Kupanga

Hakuna mwalimu wa Kiswahili asiyepata kuandika ubaoni methali isemayo "Usipoziba ufa utajenga ukuta." Aghalabu twaifundisha kuwa ni onyo kwa wazembe, tukaishia hapo. Lakini hebu tuitazame kisarufi. Kiambishi cha nafsi kilichomo katika "usipoziba" ndicho kile kile kilichomo katika "utajenga". Mtendaji ni mmoja. Methali yetu imechukulia kwamba yule auonaye ufa, yule aachaye kuuziba na yule atakayegharimia ukuta ni mtu mmoja. Je, wakiwa wawili? Mmoja analala kando ya ukuta na kuutazama kila siku; mwingine anaumiliki, naye huenda anakaa mbali na huja mwisho wa mwezi tu kupokea kodi. Hapo methali inamwambia nani? Na ni haki ya nani kukaa kimya?

Swali hili si dogo, wala si la wakazi wa miji mikubwa peke yao. Tuchukue mfano wa Busasamana, sekta ya Wilaya ya Rubavu nchini Rwanda, mpakani na Kongo, katika eneo lililojulikana kwa jina la Gisenyi hadi mageuzi ya utawala ya mwaka 2006. Wengi huko ni wakulima wanaokaa katika nyumba zao wenyewe. Lakini mwalimu aliyepangiwa shule, muuguzi wa zahanati na mfanyabiashara wa viazi, hawa hawakuja na nyumba zao. Hupanga chumba kimoja au viwili, mara nyingi katika nyumba iliyojengwa kwa matofali mabichi ya udongo, yale yaitwayo rukarakara kwa Kinyarwanda, juu ya msingi wa mawe ya volkeno, ikapakwa lipu ya saruji na kuezekwa mabati.

Nyumba ya namna hiyo ni imara maadamu ni kavu. Adui yake ni maji. Mvua za masika, ambazo Wanyarwanda huziita Itumba, huanza mwezi Machi na kuendelea hadi Mei. Za vuli, yaani Umuhindo, hushika tangu Septemba hadi Disemba. Msumari mmoja wa paa ukilegea, tone hupenya. Tone hilo hushuka nyuma ya lipu mahali ambapo jicho halioni, udongo hulainika, lipu huvimba, kisha hubanduka. Ufa uliokuwa mwembamba kama uzi hupanuka hata ukapitisha kidole. Kazi ambayo mwezi Februari ilihitaji ngazi, msumari mpya na kipande cha mpira, mwezi Juni huhitaji fundi, matofali na mfuko wa saruji. Hayo ndiyo maana halisi ya methali yetu.

Sasa tuwasikilize wahusika wawili. Mpangaji husema: "Nyumba si yangu. Nikiitengeneza, nimemwongezea mali mtu aliyenizidi. Na yamkini mwezi ujao atanipandishia kodi kwa sababu nyumba imependeza." Mwenye nyumba naye hujibu: "Anayefungua na kufunga mlango ni yeye. Kitasa kikivunjika, mimi nahusika vipi?" Ingekuwa rahisi kumkemea mmoja na kumsifu mwingine, lakini ukweli ni kwamba kila mmoja ameshika kipande cha haki. Kosa la kila mmoja ni kudhani kwamba kipande chake ndicho haki nzima.

Watunga sheria wa zamani waliliona jambo hili. Sheria ya Madai ya Ufaransa ya mwaka 1804, ambayo Ubelgiji, nchi iliyokuja kuitawala Rwanda, iliirithi, ilijaribu kuchora mpaka kati ya matengenezo madogo ya mpangaji na yale ya mwenye nyumba. Kwanza iliwarejesha watu kwenye desturi ya mahali. Kisha ikataja mifano: mpangaji arudishie lipu ya sehemu ya chini ya ukuta, hadi kimo cha mita moja, abadilishe vigae vya sakafu iwapo ni vichache tu vilivyovunjika, aangalie vioo, milango, bawaba, makomeo na vitasa. Lakini kioo kikivunjwa na mvua ya mawe, au kitu kikiharibika kwa uchakavu au kwa nguvu zisizozuilika, gharama si yake.

Kipimo hicho cha mita moja kina hekima. Sehemu ya chini ya ukuta ndiyo ifikiwayo na kiti, ndoo, mguu wa mtoto na mkono wa mtu mzima. Kilicho juu yake, pamoja na paa, huharibiwa zaidi na miaka na hali ya hewa. Kwa hiyo sheria haikuuliza tu "Mali ni ya nani?" Iliuliza pia "Madhara yametoka wapi?" Yaliyotokana na matumizi ni ya mtumiaji, yaliyotokana na umri na majanga ni ya mwenye mali, hata yakiwa madogo.

Watu wa Rubavu hawahitaji kufundishwa majanga ni nini. Baada ya volkeno ya Nyiragongo kulipuka tarehe 22 Mei 2021, ardhi ilitetemeka kwa siku kadhaa, na nyumba nyingi za wilaya hiyo zikapata nyufa. Usiku wa kuamkia tarehe 3 Mei 2023 mvua kubwa ilileta mafuriko na maporomoko ya ardhi yaliyoua zaidi ya watu 120 nchini Rwanda, na mto Sebeya ukafurika ukaingia majumbani humo humo Rubavu. Kumdai mpangaji azibe kwa fedha zake ufa ulioletwa na tetemeko ni dhuluma. Lakini mpangaji aliyeuona ufa huo, akatundika kalenda mbele yake na kunyamaza, naye ametenda kosa la aina nyingine. Jirani aweza kuangukiwa; mtoto aweza kulala chini yake.

Hatari ya kuliachanisha jicho na mkoba yaonekana vizuri zaidi mahali ambapo zilitengana kwa miaka mingi. Baada ya Mapinduzi ya mwaka 1964, nyumba nyingi za Mji Mkongwe wa Unguja zilitwaliwa na serikali, na familia nyingi za watu wa kipato kidogo zikapewa vyumba humo kwa kodi nafuu. Nia ilikuwa njema. Lakini nyumba za mawe ya matumbawe na chokaa hutaka kupakwa chokaa mara kwa mara, na dari zake hubebwa na boriti za mikoko ambazo vichwa vyake vimezama ukutani. Paa likivuja, maji huozesha vichwa hivyo, na sakafu ya juu hushuka. Mwenye mali alikuwa mbali, na kodi ndogo haikutosha matengenezo. Wakazi nao walikuwa wengi, kila mmoja akihesabu kwamba paa ni la mwenzake. Majumba kadhaa yakaanguka, hata mwaka 1985 ikaundwa mamlaka maalumu ya kuuhifadhi mji huo. Hapakuwa na mtu mmoja mwovu katika kisa hiki. Palikosekana tu njia ya kulipeleka jambo kutoka kwa aonaye hadi kwa awezaye kulipa.

Kwa maoni yangu, basi, wajibu umegawanyika mara mbili. Wajibu wa jicho ni wa mpangaji: kuona, kusema mapema, na kuzuia ubaya usienee, kama vile kuweka ndoo chini ya tone au kukaza msumari ulio karibu na mkono wake. Wajibu wa mkoba hufuata chanzo cha madhara, na mara nyingi utamwangukia mwenye nyumba. Mpangaji hawezi kujitetea kwa kusema "si yangu", kwa sababu macho aliyoyatumia ni yake. Mwenye nyumba naye hawezi kujitetea kwa kusema "sikuwapo", kwa sababu kodi aliipokea.

Litabaki lile pingamizi la mpangaji mwema anayeadhibiwa kwa wema wake. Pingamizi hilo ni la haki, na haliwezi kujibiwa kwa mahubiri ya ukarimu. Kutengeneza nyumba ya mtu kwa hofu ya kufukuzwa si ukarimu hata kidogo. Dawa yake ni maneno yanayotangulia: wawili hao waandike tangu siku ya kukabidhiana ufunguo ni vitu gani vitatengenezwa na nani, na kwamba fedha anayotoa mpangaji kwa niaba ya mwenye nyumba itakatwa katika kodi, kwa stakabadhi na mbele ya shahidi. Wakishindwa kuelewana, si lazima wakimbilie mahakamani. Katiba ya Rwanda ya mwaka 2003 ilizitambua Kamati za Abunzi, wapatanishi wanaochaguliwa miongoni mwa wakazi. Jina lao latokana na kitenzi "kunga", yaani kupatanisha, na msomaji wa Kiswahili atasikia humo udugu na "kuunga" kwetu.

Na Kiswahili nacho kina neno la kutufunza. Lugha nyingine humwita mtu huyu kwa jina la fedha anayotoa. Sisi twamwita mpangaji. Kitenzi "panga" ni kuweka vitu mahali pake kwa utaratibu. Iwe ndiyo asili ya matumizi hayo au la, neno lenyewe linamkumbusha kwamba kazi yake haiishii katika kulipa. Baada yake atakuja mwalimu mwingine, aliyehamishwa kama yeye alivyohamishwa, na atakikuta chumba kama kilivyoachwa. Amana huwa ni ile uliyoipokea kwa mtu, ukajua kwamba utaitoa mkononi mwako.

Walimu wenzangu, tutakapoifundisha tena methali ile, tuwaulize wanafunzi wetu: ufa huu umeonwa na nani, na ukuta utajengwa na nani? Wengi wao wanakaa katika nyumba za kupanga. Watajibu kwa mifano wanayoijua kuliko sisi, na wataanza kubishana. Tuwaache wabishane, kisha tuwape kazi ya kuandika mkataba mfupi, kwa Kiswahili fasaha, kati ya watu hao wawili.