Zama za Nani?

Kila darasa linapojadili Marekani ya karne ya 19, hakosi mwanafunzi wa kusema: tusiwahukumu, wale walikuwa watu wa zama zao. Ni hoja ya kuheshimiwa. Lakini zama za nani?

Tutazame merikani, kitambaa tulichokiita kwa jina la nchi kilikotoka. Baada ya sheria ya 1830, Wachoctaw wengi waliondolewa Mississippi. Ardhi yao ikageuzwa mashamba ya pamba, watumwa wakaichuma, na wasichana wa viwandani huko Lowell, Massachusetts, wakaisokota na kuifuma. Meli za Salem zikaleta merikani Zanzibar, zikaondoka na pembe za ndovu.

Sasa tuwahesabu watu wa zama hizo. Mtumwa aliyetoroka shambani alikuwa mmoja wao. Mchoctaw aliyezika ndugu zake njiani alikuwa mmoja wao. Hata Lowell, walikuwapo wanawake walioishi kwa pamba hiyohiyo na bado wakatia saini maombi ya kupinga utumwa. Hawa hawakungoja karne yetu iwafundishe kuwa dhuluma ni dhuluma.

Wala hatia haigawanyiki sawasawa. Msichana aliyegoma mwaka 1834 ujira ulipopunguzwa hakuwa na uwezo wa mwenye shamba, wala faida yake. Kila mtu apimwe kwa alichokijua na alichoweza kukifanya. Ila anayewatetea wakubwa kwa hoja ya zama, kwanza awahesabu wote waliokuwamo.