Nani Aliwatuma Wajenge Bondeni?

Majuzi kwenye kikao cha harusi, michango ilipokwisha kusomwa, maongezi yaliangukia bomoabomoa. Mzee mmoja, mtu wa heshima na mkarimu kweli, akasema kuhusu watu waliobomolewa nyumba Bonde la Msimbazi, Dar es Salaam: "Msiba wa kujitakia hauna kilio. Nani aliwatuma wajenge bondeni?" Wajumbe wakatikisa vichwa kukubali, kikao kikahamia kwenye bei ya ukumbi. Mimi neno lile limenikaa kooni, kwa sababu limebeba falsafa nzima: kwamba aliyejichagulia hatari amepoteza haki ya kulalamika.

Hiari ni kuchagua bila kushurutishwa. Maana hiyo inatosha. Ninachouliza ni hiki: mkaazi wa bondeni alichagua kati ya nini na nini? Mama anayechoma chapati Kariakoo alfajiri anahitaji chumba anachoweza kukifikia kwa miguu kabla daladala hazijaanza. Penye mitaa iliyopangwa ataambiwa alete kodi ya miezi sita kwa mkupuo, na ya mwezi mmoja ya dalali juu yake. Baada ya mafuriko ya Desemba 2011, waathirika walipewa viwanja Mabwepande, kule upande wa Bunju: pakavu, lakini mbali na riziki. Wapo waliorudi bondeni, na watu huita kurudi kwao ukaidi. Mimi naona hesabu ya nauli.

Ni kweli kwamba mafuriko yanaua na bonde si mahali pa kulaza mtoto. Ni kweli pia kwamba wapo wajanja wanaouza ardhi wakijua itabomolewa, nao washitakiwe.

Ila lile la "hawakuwa na kibali, sheria ni sheria" linanichoma. Makongo Juu watu wenye uwezo walijenga kabla ya ramani ya mipango miji, kama ambavyo sehemu kubwa ya Dar es Salaam imejengwa. Hao hatukuwaita wavamizi. Kwao tulizungumzia urasimishaji: wapimiwe, barabara zichorwe kufuata kuta zilizokwisha simama. Kosa ni lile lile, lakini mmoja anapimiwa na mwingine anachorewa X nyekundu ya bomoabomoa ukutani. Tena huyo wa bondeni hakujenga gizani. Aliuziwa mbele ya mjumbe, karatasi ikagongwa muhuri wa serikali ya mtaa, nguzo ya umeme ikaletwa. Tangu 2021 kodi ya jengo inakatwa kwenye LUKU: unanunua umeme, na kodi ya nyumba imeshaondoka kabla hujaingiza namba kwenye mita. Hapo hakuna anayeuliza hati. Nyumba inatambulika siku ya kutozwa, halafu inakuwa haramu siku ya kufidiwa. Kama sheria ni sheria, basi iwe hivyo pande zote mbili za risiti.

Na kibali chenyewe kina historia ya ubaguzi. Wakati wa Waingereza mji huu uligawanywa kwa aina ya majengo, na aina ya jengo ilimaanisha rangi ya mkaaji: Uzunguni, Uhindini, na Kariakoo ya Waafrika, Mnazi Mmoja ikiachwa wazi katikati.

Hata hivyo Kariakoo ile ilikuwa na kitu ninachokipenda kuliko jengo lolote la mji huu: nyumba ya Kiswahili. Baraza mbele, ukumbi katikati, vyumba vitatu kila upande, uani majiko na choo kimoja. Wanafalsafa wa umiliki wanafikiria mtu mmoja na uzio wake. Waje wasimame uani jioni, majiko sita ya mkaa yakiwaka, wapangaji wakibishana kwamba mwenye friji achangie umeme zaidi. Zamu ya kufagia inajulikana. Mgonjwa anapelekewa uji na jirani wa ukuta. Hakuna mkataba hata mmoja ulioandikwa, na haki inatendeka humo.

Lakini uani hapo ndipo hoja yangu inapokwama. Muhuri, jasho la kujenga na kodi ya jengo vinamtetea mwenye nyumba. Mpangaji wa chumba cha nne, tuseme ni yule mama wa chapati, anatetewa na nini? Nyumba ikivunjwa, mwenye nyumba atadai fidia; mpangaji hana cha kuonyesha. Nikisema haki yake inatokana na kwamba jiji linamhitaji, linakula chapati zake kila asubuhi, basi jiji lina deni la chumba kwa kila anayelifanyia kazi. Naliamini hilo. Ila deni hilo linaanza lini? Nikisema siku ya kwanza, mwenye shamba Goba ataniuliza kwa nini asivamiwe kesho. Nikisema baada ya miaka kumi, nimemwacha nje anayeshuka basi la mkoa leo, na huyo ndiye atakayepangishwa karibu zaidi na maji.