Kura ni Ushahidi, Haiuzwi

Kwa jina la Mwenyezi Mungu. Sifa zote njema ni zake, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na masahaba zake. Amma baad.

Enyi ndugu zetu Waislamu wa jimbo la Mvita, wake kwa waume: wa Mji wa Kale na Makadara, wa Majengo na Tononoka, wa Tudor, wa Shimanzi na Ganjoni. Twawaandikia juu ya jambo lililokuwa mazoea hata likasahauliwa kuwa ni dhambi, nalo ni kuuza kura kila ufikapo wakati wa kumchagua Mbunge.

Jueni kwanza kura ni nini. Mwenye kutia alama katika karatasi yake huwa ashuhudia kwamba mtu huyu ndiye afaaye kuliko wenziwe kutunga sheria, kugawanya mapato ya nchi na kuisimamia serikali isidhulumu. Huo ni ushahidi. Na Mwenyezi Mungu, katika Sura ya An-Nisaa, aya ya 135, ametuamuru tushuhudie kwa uadilifu ijapokuwa ni juu ya nafsi zetu na wazazi wetu. Basi shahidi aliyelipwa ili aseme atakalo mlipaji, ushahidi wake una thamani gani?

Wako wasemao: kura yangu ni moja tu, yadhuru nini? Na wautazame uchaguzi wa Unguja na Pemba wa Januari 1961. Kiti cha Chake Chake kilipatikana kwa kura moja. Viti vyote vilikuwa 22. Vyama vilipokwisha kuungana, pande mbili zikawa sawasawa, 11 kwa 11, na uchaguzi ukarudiwa mwezi wa Juni. Hiyo ndiyo kura moja.

Wako pia wasemao: hii si rushwa, ni hadiya. Hawa jawabu yao ni kisa cha Ibn al-Lutbiyya, kilichopokewa na Bukhari na Muslim. Alitumwa na Mtume kukusanya zaka, akarudi akatenga mali, hizi zenu na hizi nimepewa mimi. Mtume akakasirika, akauliza mbona hakukaa nyumbani kwa babake na mamake akaona kama ataletewa. Basi nasi tupime kwa kipimo hicho. Sukari na leso zijazo siku ya kampeni, mbona haziji mwaka usio na uchaguzi?

Na hasara ya dunia nayo ni kubwa. Muhula wa Mbunge ni miaka 5. Tufanye mtu amepewa shilingi 500: ukizigawanya kwa siku za muhula huo, hazitimii senti 28 kwa siku. Kwa senti hizo ameuza haki ya kuuliza habari ya maji, ya karo na ya kazi za vijana. Kwani aliyenunua kitu akalipa hana deni kwa muuzaji.

Ama asemaye, “Nitakula zao, kisha nimchague nimtakaye,” huyo amechukua mali kwa ahadi ya uongo, na kula mali za watu kwa batili kumekatazwa katika Sura ya Al-Baqara, aya ya 188. Mtume amemlaani mtoaji rushwa na mpokeaji pamoja, na Sheria ya Makosa ya Uchaguzi ya Kenya ya mwaka 2016 nayo imewatia makosani wote wawili. Mali hiyo mpokeaji haimiliki. Wajibu wake ni kuirudisha kwa mwenyewe.

Na aliyeapishwa kwa Msahafu kwamba atamchagua fulani, hali yakini yake ni kuwa hafai, asidhani kiapo kimemfunga. Kiapo cha kutenda maasi huvunjwa, na kafara yake hutolewa: kuwalisha maskini 10, kila mmoja mudi moja ya chakula cha mji, au kuwavisha, asiyeweza, na afunge siku 3. Na mwenye kumwapisha ana dhambi iliyo kubwa zaidi.

Lakini tusimlaumu mjane peke yake. Mama aliyelala na wanawe bila chakula, akaletewa kibaba cha unga mlangoni, amejaribiwa kwa mtihani ambao matajiri wa mtaa wake hawajajaribiwa nao. Enyi wenye maduka na majumba, lau zaka yenu ingemfikia kila mwaka, mnunuzi wa kura angekuta mlango wake umefungwa. Muuzaji ana sehemu yake ya dhambi, na jirani aliyeshiba naye ataulizwa.

Basi siku ikifika, ingia mahali pa kura ukijua kuwa hapana akuonaye ila Mola wako, nawe ushuhudie haki.

Ewe Mola, tupe viongozi waaminifu, nasi utujaalie kuwa mashahidi waadilifu. Amin.