Waliolala Bila Jiwe

Ndugu zangu Waislamu wa Mokambo!

Kati yenu wamo madereva na wafanyabiashara wanaofika Dar es Salaam kufuata mizigo. Safari ijayo, lori likiwa bado kwenye foleni ya bandari, zuruni makaburi ya vita yaliyo njia ya Bagamoyo. Mtume, rehema na amani zimshukie, aliwahi kukataza kuzuru makaburi, kisha akaruhusu kwa kuwa yanakumbusha Akhera. Wasalimuni Waislamu waliolala pale, muwaombee maghufira. Msikalie kaburi la yeyote, hata asiye Mwislamu. Jeneza la Myahudi lilipopita, Mtume alisimama. Wenzake waliposhangaa, akawauliza kama ile haikuwa nafsi.

Mtakuta mawe yamepangwa safu, mengi ya vita vya 1914 hadi 1918. Baadhi yao walizikwa kwanza katika makaburi ya Ocean Road. Mwaka 1968 wakahamishwa kupisha barabara. Duniani hata kaburini mtu ni mpangaji.

Kisha ulizieni wasiokuwepo. Askari wa Force Publique, jeshi la kikoloni la Wabelgiji, walitoka Kongo hii yetu wakaiteka Tabora Septemba 1916, na nyuma yao wapagazi, risasi na unga kichwani. Katika vita vile wapagazi wa kila upande waliuawa zaidi na kuhara, homa na njaa kuliko risasi. Kariakoo mnakonunua bidhaa limebeba jina la kikosi chao cha upande wa Waingereza, lakini wenyewe wako wapi? Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola iliomba radhi: watu wasiopungua 116,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina, pengine hawakukumbukwa kabisa. Wakubwa walikuwa wamepima nani anastahili jiwe.

Mtume hakupima hivyo. Mwanamke aliyekuwa akifagia msikiti alifariki, watu wakaona si jambo la kumsumbua Mtume nalo. Alipomkosa aliuliza, akataka aoneshwe kaburi, akamswalia papo hapo.

Leo baada ya Isha, kaeni na wazee wenu. Waulizeni ni babu yupi aliyechukuliwa vita vya Mjerumani asirudi. Jina likipatikana, liandikeni. Akiwa Mwislamu, mleteeni imamu jina hilo Ijumaa, tumwombee dua. Asipokuwa Mwislamu, bado ni damu yenu, wasimulieni watoto habari zake.