Mwacheni Apone

Asubuhi ya leo nawafikiria kina mama wa Sikonge waliofanyiwa upasuaji wa uvimbe kwenye ovari. Mara nyingi uvimbe huu ni kifuko cha maji tu, nao hunywea wenyewe bila kisu. Mwingine hukua, au ovari hujisokota; hapo maumivu makali huja ghafla chini ya tumbo, upande mmoja, pamoja na kutapika. Huo si wakati wa kusubiri kuche. Wahini hospitali ya wilaya, au hospitali ya Kitete pale Tabora.

Lakini kinachoniuma zaidi ni yanayomkuta mama akisharudi nyumbani. Kidonda cha nje hufunga upesi, cha ndani bado. Tumbaku inamngoja shambani, kuni za kuikaushia zinamngoja, ndoo ya maji nayo. Akipasuliwa tumbo, kwa wiki kama sita asibebe kitu kizito. Na minong'ono kwamba hatazaa tena ikome: ovari moja ikibaki nzima, mimba inawezekana.

Baba mwenye nyumba unayenisikiliza, ndoo ya leo ichote wewe.